Mwashi wa Mvara na Kiwanja cha Umma

Miji kadhaa ya Uganda ilipandishwa hadhi kuwa majiji mwaka 2020, na Arua yetu ilikuwa mojawapo, kuanzia tarehe 1 Julai. Tangu hapo, penye watu watatu wanaozungumzia nyumba, hoja moja haikosekani: serikali ina ardhi katikati ya mji, ina nyumba kuukuu za watumishi zilizochoka paa na kuta, basi ardhi hiyo apewe mjenzi mwenye mtaji ajenge ghorofa za bei nafuu. Mimi ni mwashi wa Mvara, humu mjini Arua. Nimeshika mwiko tangu ujana na najua nyumba zinahitajika. Nimewaona vijana wanne wakilala katika chumba cha futi kumi kwa kumi, na nimemwona mwalimu mgeni akiomba uhamisho kwa sababu kodi ilimeza mshahara wake. Siipingi hoja hiyo. Ninachotaka ni tuijue historia ya ardhi yenyewe kabla hatujaitoa, maana tumekwisha kuitoa mara kadhaa, na kila mara aliyeitoa hakubaki na karatasi mkononi.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji eneo lililoitwa Lado, na nchi yetu hii ya magharibi ya Nile, West Nile, ilikuwa ndani yake. Mkataba ulitiwa saini Ulaya, hakuna Mlugbara wala Mkakwa, wenyeji wa hapa, aliyeulizwa. Lakini ulikuwa na mwisho: uhai wa mfalme. Leopold alifariki Desemba 1909, na mwaka 1910 Lado ikarudi chini ya Sudan. Mwaka 1914 upande wake wa kusini ukahamishiwa Uganda, na mwaka huohuo mkuu wa wilaya wa kwanza, A. E. Weatherhead, akaweka kituo chake Arua. Namwomba msomaji aukumbuke mwisho huo wa mkataba. Wakubwa wa dunia walipokodishana ardhi ya watu, waliandika siku ya kurudishwa kwake, na siku ilipofika ikarudishwa.

Miaka minne baada ya Weatherhead, yaani 1918, wamisionari wa Africa Inland Mission wakafungua kituo Mvara. Wakatoliki nao wakajenga misheni yao Ediofe. Nyumbani kwetu tulisimuliwa kwamba wazee wa ukoo walionyesha mipaka kwa kutembea, kutoka mti huu hadi kijito kile, na neno walilolisema lilikuwa moja: kaeni, mfundishe watoto. Bei haikutajwa. Miaka haikutajwa. Kwetu ardhi ilikuwa ya ukoo, ya waliokufa na ya ambao hawajazaliwa. Mgeni alipewa pa kulima na pa kujenga, naye akiondoka, pale mahali palirudi kwa wenyewe. Wazee walidhani wanatoa matumizi, na kule ofisini ikaandikwa kwamba wametoa ardhi.

Sisemi hivi kuwalaumu watu wa kanisa. Mimi nimebatizwa Mvara, na wanangu wamesoma katika shule zilizojengwa pale. Mtoto wa mkulima wa mtama na muhogo akitoka hapo akawa daktari au askofu, ukoo umelipwa kuliko kulipwa fedha. Ahadi ile ya mdomo ilitimizwa kwa sababu waliopewa walikaa karibu na waliotoa, wakaonana kila Jumapili, na aibu ikafanya kazi ambayo leo tunaitaka mahakama ifanye. Mjenzi anayekuja kutoka mbali hana Jumapili ya kuonana nasi.

Baba yangu alifyatua matofali ya nyumba za walimu. Udongo ulitoka bonde la mto Enyau. Uliloweshwa, ukakanyagwa kwa miguu hadi ukaacha kushika vidole, ukatiwa katika kalibu ya mbao, ukaanikwa chini ya nyasi ili jua lisilipasue tofali kabla ya moto. Kisha matofali yalipangwa kuwa tanuru, na vinywa vya moto viliachwa chini, ubavu ukasiribwa tope, na magogo ya kalitusi yakaliwa na moto usiku na mchana. Tofali lililoiva lililia kama kengele ukiligonga kwa kucha ya kidole gumba. Baba aliyagonga mojamoja. Yaliyonyamaza yalikwenda kwenye kuta za jikoni na vyoo. Nyumba alizozifanyia kazi zilikuwa na kuta nene, baraza pana mbele, na madirisha yaliyotazamana ili upepo upite. Baadhi bado zimesimama, na wale wanaosema kwamba kila nyumba ya zamani ni ya kubomolewa waje waone misingi yake.

Serikali nayo ilijenga. Maofisa Wazungu walikuwa na nyumba zao upande wa kilima, karibu na uwanja wa gofu. Makarani, polisi na wahudumu wa hospitali walipata kota ndogo za safu, chumba na sebule, choo nje. Hizo ndizo nyumba za kwanza za umma katika mji wetu. Mtumishi alikatwa kodi kidogo katika mshahara, na alipohamishwa alikabidhi ufunguo. Hakuna aliyewahi kuota kuinunua.

Sheria ilizidi kuisogeza ardhi mbali na wenyewe. Chini ya sheria ya ardhi ya taji ya mwaka 1903, wenyeji wa nje ya Buganda walihesabiwa kama watu waliokaa tu juu ya ardhi ya mfalme wa Uingereza. Baada ya uhuru, sheria ya 1969 ikaiita ardhi ya umma. Mwaka 1975 Idi Amin, mtu wa huku kwetu Koboko, alitoa amri kwamba ardhi yote ya Uganda ni ya umma, na wenye umiliki wa kudumu wakageuzwa kuwa wapangaji wa serikali: miaka 99 kwa mtu binafsi, 199 kwa dini na mashirika ya umma. Ni Katiba ya 1995 iliyorudisha neno mahali pake. Ibara ya 237 inasema ardhi ya Uganda ni ya raia, na inautambua umiliki wa kimila kuwa sawa na mwingine. Ardhi ya serikali ikawekwa chini ya Tume ya Ardhi ya Uganda. Ile isiyo na mwenyewe ndani ya wilaya ikawekwa chini ya bodi ya ardhi ya wilaya. Mtu wa kawaida hapa Mvara hatofautishi hizo ofisi mbili. Lakini mjenzi anayetafuta kiwanja anazitofautisha vizuri sana, na anajua ni mlango upi wa kugonga.

Sasa niseme juu ya nyumba ambazo hakuna serikali iliyozijenga, maana hizo ndizo nyingi.

Ukishuka kutoka Mvara ukavuka mji kwenda upande wa Oli, utafika mitaa inayoitwa Kenya, Tanganyika na Pangisha. Huko ndiko kulikoishi askari wastaafu, Wanubi, wachuuzi, mafundi cherehani, na watu waliovuka kutoka Kongo na Sudan kwa biashara. Kiswahili cha Arua kilikua huko. Vyumba vya kupanga vya Oli na Awindiri vilijengwa na watu wasiokuwa na mkopo wa benki hata mmoja. Nimewajengea wengi wao. Mama anauza samaki wakavu sokoni. Msimu huu ananunua tripu moja ya matofali na kuyafunika nyasi. Msimu ujao ananunua mchanga. Mwaka unaofuata anamwita fundi aweke msingi wa vyumba vinne na kusimamisha viwili. Saruji inanunuliwa mfuko kwa mfuko. Rinta ya juu ya madirisha inamwagwa siku mtoto anapotuma fedha kutoka Kampala. Chumba kimoja kikipata bati, kinapangishwa, na kodi yake ndiyo inayopandisha ukuta wa cha pili. Kazi ya namna hii inakwenda miaka minane au kumi, na fundi anazoea kuitwa kila baada ya mavuno. Nikiambiwa nitaje mjenzi mkubwa wa nyumba za bei nafuu katika Arua, nitamtaja huyo mama. Hajawahi kupewa kiwanja cha bure wala msamaha wa kodi, na mtaro wa barabara ya mtaani kwake ameuchimba mwenyewe.

Huyu mama na mwenye kampuni wakiwekwa kwenye mizani moja, tutaona tunachokosea tunapojadili ardhi ya umma. Tunamfikiria mjenzi mmoja mkubwa, hatuwafikirii wajenzi mia wadogo.

Mali ya umma hapa petu iligawiwa pia kwa namna nyingine, na vijana wa leo hawaijui vizuri. Mwaka 1972 Amin alipowafukuza Waasia, maduka na nyumba zao mjini, mtaa mzima wa Bazaar, yaliingia mikononi mwa serikali na kugawiwa. Waliopewa hawakujenga kitu, na wengi hawakulipa kodi kwa yeyote. Nilikuwa fundi kijana wakati huo, nikaitwa kuziba nyufa za jengo ambalo mvua ilikuwa inaingia dukani, na aliyelikalia akaniambia nizibe kwa tope tu kwa sababu hajui kesho litakuwa la nani. Hapo nilielewa jambo ambalo nimeliona tena na tena: mtu aliyepewa jengo bila masharti na bila uhakika halitunzi. Mwaka 1982 ikapitishwa sheria ya kuwarudishia wenyewe, na urudishaji wenyewe ukaendelea hadi miaka ya 1990.

Kati ya miaka hiyo, Arua ilikufa na kufufuka. Amin alianguka Aprili 1979, na mwezi Oktoba 1980 vita vilipoingia West Nile, watu walikimbilia Zaire na Sudan kwa maelfu. Sisi tulivuka kwenda upande wa Aru na Ariwara. Huko nilijenga nyumba za udongo na nyasi kwa miaka, za wakimbizi wenzangu, kwenye ardhi tuliyopewa na Walugbara wa upande ule ambao lugha yetu ni moja. Tuliporudi baada ya 1986 tulikuta kota nyingi hazina bati, hazina milango, mti wa papai umeota sebuleni. Zilizofufuliwa zilifufuliwa na watumishi wenyewe kwa mishahara yao, kila mmoja akiezeka chumba alichokikalia. Wanaozitazama leo na kusema ni vibanda vya aibu, wajue kwamba mpangaji aliyemo alikwisha kuijenga nyumba yake mara ya pili kwa mkono wake. Hilo linapaswa kuhesabiwa siku ya kuandika mkataba.

Nilikwenda Kampala kutafuta kibarua kama vijana wengi wa kwetu. Tangu enzi za mkoloni West Nile ilikuwa ghala la vibarua: mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, jeshi, polisi, ujenzi. Huko Kampala serikali ya kikoloni ilikuwa imejenga, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mitaa miwili ya wafanyakazi Waafrika, Naguru na Nakawa. Nilipata kulala huko kwa ndugu na marafiki. Nyumba ndogo, za safu, zenye uwanja wa majani mbele na mabomba ya pamoja. Ungesikia Kilugbara mlango huu, Kiacholi mlango ule, Kiluo cha Kenya mlango wa tatu, na Kiswahili uwanjani ambako watoto wote walicheza. Kodi yake mfanyakazi wa mshahara mdogo aliimudu. Ukweli ni kwamba zilichakaa, na hakuna aliyezikarabati inavyotakiwa.

Kisa cha Nakawa na Naguru ndicho funzo kubwa kuliko yote katika Uganda juu ya kumpa mjenzi ardhi ya umma, na kila diwani wa Arua na wa Koboko anapaswa kukijua. Oktoba 2007 serikali ilitia saini mkataba na Opec Prime Properties, kampuni kutoka Uingereza. Ardhi ilikuwa zaidi ya hekta 66, eneo zuri mashariki mwa jiji, na upangaji ulikuwa wa miaka 49. Palikuwa pajengwe mji mzima mpya: maelfu ya nyumba, shule, maduka, ofisi. Wapangaji wa zamani, familia 1,747, waliahidiwa kwamba wao ndio watakaofikiriwa kwanza katika nyumba mpya. Julai 2011 nyumba zao zikabomolewa. Oktoba 2013 Rais Museveni akaweka jiwe la msingi. Miaka ikapita, nyasi zikaota juu ya misingi ya zamani, na mwaka 2018 serikali ikauvunja mkataba bila mji ule kujengwa. Baada ya hapo ardhi ileile ikaanza kugawiwa vipande kwa makampuni na watu wengine, hadi mwaka 2022 Bunge likaunda kamati ya kuchunguza ugawaji huo.

Mimi kama fundi nauliza jambo la kifundi. Kwa nini nyumba zote zilibomolewa kabla ya ukuta mmoja mpya kusimama? Hekta 66 ni kubwa. Ungeweza kubomoa safu kumi, ukajenga jengo moja, ukahamishia humo wenye safu hizo, kisha ukaendelea na safu nyingine. Ndivyo tunavyofanya hata tunapokarabati nyumba ya mtu anayeishi ndani: unamaliza chumba, anahamia, unaingia kingine. Mwenye nyumba hakubali uezue bati lote siku moja, kwa sababu anajua fundi anaweza kuugua au kuondoka. Familia 1,747 zilihamishwa zote kwa pamoja, na ahadi yao ilibaki bila kiwanja cha kuisimamia. Hasara hiyo haiwezi kurekebishwa kwa kamati. Watoto waliotoka Nakawa mwaka 2011 sasa ni watu wazima waliokulia mahali pengine.

Kuna mradi wa Kampala wa zamani zaidi ambao hautajwi sana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilianza kuboresha mtaa wa Namuwongo: viwanja vikapimwa, barabara zikakatwa, na wakazi maskini wakapewa nafasi ya kumiliki. Nia ilikuwa njema. Lakini kiwanja kilichopimwa katikati ya Kampala kina thamani, na mwenye njaa anauza. Wengi waliuzia wenye pesa, wakasogea bondeni, karibu na reli na kinamasi, wakajenga mabanda upya. Leo ukifika Namuwongo unaona majumba ya ukuta mrefu juu na vibanda chini, umbali wa mtupo wa jiwe. Kwa hiyo kumpa maskini kiwanja peke yake hakutoshi pia, kama hakuna sharti la kukizuia kisitoke mikononi mwake mapema.

Nyumba za Shirika la Taifa la Nyumba, lililoundwa mwaka 1964, zilikwenda njia ya tatu. Ghorofa za Bugolobi na Wandegeya zilipangishwa kwa miaka mingi, kisha sheria ya 2001 ilipomruhusu mtu kumiliki nyumba moja ndani ya jengo la ghorofa, waliokuwamo wakauziwa. Aliyebahatika kuwamo alipata mali. Wa nje hakupata chochote, na nyumba za umma za kupangisha zikapungua. Tororo, mtaa wa Kasoli, walijaribu namna ndogo: manispaa ilitoa ardhi, wakazi wakaunda chama chao, Umoja wa Mataifa na benki wakaingia, na lengo likawa familia zipatazo 250. Mimi naipenda Kasoli kwa jambo moja: wakazi walikaa mezani wakiwa na chama chao kabla ya msingi kuchimbwa.

Majirani zetu Wakenya wamekwenda mbali zaidi yetu. Pangani, Nairobi, palikuwa na familia 48 tu katika nyumba za zamani za halmashauri. Familia hizo zilipewa fedha za kupanga kwingine na ahadi ya nyumba katika ghorofa mpya, na mahali pao pakapangwa nyumba zaidi ya 1,500. Mombasa, kaunti iliingia ubia na Gulf Cap Africa kujenga zaidi ya nyumba 1,800 mahali pa mtaa wa Buxton uliokuwapo tangu ukoloni. Majengo yamesimama, hilo halina ubishi. Ubishi uliobaki ni nani anayeweza kuyalipia. Nyumba inayoitwa nafuu kwa mtu mwenye mshahara wa benki si nafuu kwa mwenye kibanda cha chapati, na mikataba mingi inalitumia neno hilo bila kutaja shilingi.

Ulaya kuna mji ambao nimesoma habari zake kwa makini, Vienna, makao makuu ya Austria. Mwaka 1984 mji ule uliunda mfuko wa kununua ardhi na kuitunza kwa ajili ya nyumba za watu wa kawaida, na tangu 1995 wajenzi hushindanishwa. Bei ya ardhi hupangwa kabla, kwa hiyo mjenzi hashindi kwa kutoa fedha nyingi. Anashinda kwa kodi atakayomtoza mpangaji, kwa ubora wa michoro, kwa utunzaji wa mazingira na kwa namna watu watakavyoishi pamoja. Arua haina fedha za Vienna. Lakini kushindanisha wajenzi kwa kodi ya mpangaji hakuhitaji fedha. Kunahitaji karatasi, tarehe, na watu wasiohongeka katika kamati.

Tukirudi kwetu, hesabu ya fundi ni hii. Ardhi ya bure inapunguza bei ya nyumba, lakini haiishushi hadi sakafuni. Saruji inatoka Tororo au Hima na inasafiri mamia ya kilomita hadi hapa. Nondo vilevile. Mkopo wa nyumba nchini una riba inayozidi asilimia 15 kwa mwaka. Maji, mtaro wa maji machafu, barabara ya kuingilia, vyote ni gharama. Mjenzi aliyepewa kiwanja bure atazijumlisha zote, ataweka faida yake, kisha atamtafuta anayeweza kulipa. Na hapa Arua anayeweza kulipa tunamjua. Wakimbizi wa Sudan Kusini walipoingia kwa wingi kuanzia Julai 2016, wakapokelewa katika makazi ya Rhino Camp na Imvepi, mashirika ya misaada yalikuja kupanga nyumba mjini. Niliona nyumba nilizozijenga mwenyewe zikipandishwa kodi hadi mwalimu akatolewa kumpisha mgeni mwenye gari jeupe. Mwenye nyumba simlaumu, ana watoto wa kusomesha. Lakini mjenzi mkubwa juu ya ardhi ya umma atafanya vilevile asipofungwa na maandishi.

Kwa hiyo sharti la kwanza liwe kiasi cha kodi kwa shilingi, na namna kitakavyopanda, kiandikwe kwenye mkataba wenyewe. Ardhi isitolewe jumla. Itolewe upangaji wenye mwisho, kipande kwa kipande, na kipande cha pili kisifunguliwe kabla watu hawajalala katika majengo ya cha kwanza. Mjenzi asiyeanza ndani ya muda uliotajwa aipoteze bila kesi ndefu. Waliomo katika kota waandikwe majina yote kabla ya tingatinga kuwashwa, pamoja na wajane wa watumishi, ambao husahauliwa kwa sababu jina kwenye ufunguo ni la marehemu. Na sehemu ya ardhi ipimwe viwanja vidogo kwa wale akina mama wa matofali chini ya nyasi, kwa upangaji usioruhusu kuuza kabla ya miaka kadhaa, ili yasitokee ya Namuwongo. Mji uwape barabara na bomba la maji tu. Ukuta wataupandisha wenyewe. Nimeona wakiupandisha kwa maisha yangu yote ya kazi.

Ardhi inayobakia mikononi mwa umma ndani ya Arua si kubwa. Bibi zetu walihifadhi mbegu ya mtama darini, juu ya moshi, na mwaka wa njaa waliila ya ghalani hadi ikaisha, wasiiguse ile ya darini. Ardhi ya umma ndiyo mbegu yetu ya darini. Koboko ambayo imekuwa wilaya tangu 2005 na inakua haraka kando ya barabara ya Oraba, bado ina nafasi ya kupima vizuri kabla ya kubanwa. Sisi Arua tumekwisha kubanwa.

Vijana huniambia, "Mzee, haya mambo ni ya wakubwa, sisi tutajuaje kilichoandikwa?" Nawajibu kwamba sheria ipo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 inampa kila raia wa Uganda haki ya kuomba taarifa na nyaraka zilizo katika ofisi ya serikali, na ofisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 21. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa umma. Kwa hiyo siku mtakaposikia kwamba kiwanja cha serikali, kiwe Mvara, Awindiri, Oli au Koboko mjini, kinatafutiwa mjenzi, msisubiri jiwe la msingi. Andikeni barua ya kuomba mkataba, ipelekeni ofisini mkiwa wengi, mgongewe muhuri kwenye nakala yenu, na mkataba ukija usomwe hadharani kwa Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili kabla mtu yeyote hajahama.